TB Huonekana Kabla ya Kikohozi

  Leo tunazungumza juu ya kifua kikuu, yaani TB, na jinsi binadamu alivyojifunza kuuona ugonjwa huu mapema.

Zamani TB ilitambuliwa kwa macho tu. Mtu alikonda, akakohoa damu, ndipo watu wakajua. Kufikia hapo mapafu yalikuwa yameharibika na wa nyumbani wameambukizwa. Tarehe 24 Machi 1882, Daktari Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu chenyewe kwa kutumia hadubini. Ndiyo maana kila tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka wa 1895 Mjerumani mwingine, Wilhelm Röntgen, aligundua eksirei, na madaktari wakaweza kuona ndani ya kifua bila kupasua.

Hata hivyo, kwa miaka mingi swali kubwa katika zahanati lilibaki moja: "Umekohoa kwa wiki mbili?"

Kati ya mwaka wa 2015 na 2016, Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa TB, wa kwanza tangu uhuru. Watu wazima zaidi ya 63,000 waliulizwa maswali na kupigwa picha ya kifua. Wagonjwa 305 walipatikana. Sasa sikiliza vizuri, mama. Katika kila wagonjwa 100, ni 48 tu waliosema wamekohoa zaidi ya wiki mbili. Lakini picha ya eksirei ilionyesha kasoro kwa 88. Hadubini ilikipata kijidudu kwa 46, na mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta chembe za urithi za kijidudu ndani ya makohozi, ikakipata kwa 78.

Eksirei peke yake haitoshi. Huonyesha kivuli, lakini haisemi ni cha ugonjwa gani. Kwa hivyo ukitumwa kupigwa picha kisha ukaambiwa ulete makohozi, usione unasumbuliwa. Kimoja huonyesha mahali, kingine hutaja jina la ugonjwa. Na kama una mimba, mwambie mhudumu kabla ya picha.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba TB ilikuwa nyingi zaidi mijini, kwa wanaume, na kwa watu wa miaka 25 hadi 34. Je, hao si watu wetu wa Thika na Ruiru? Ni baba anayefanya zamu kiwandani, kijana wa mjengo, kondakta wa matatu. Jioni hurudi katika chumba kimoja alimolala mtoto. Akikwambia, "Ni vumbi tu," mhimize aende akapimwe.

Mtoto mdogo ni vigumu kutoa makohozi, na huenda asikohoe sana. Dalili yake yaweza kuwa uzito usioongezeka, homa isiyoisha au kukosa hamu ya kucheza. Ndiyo sababu mizani ya kliniki ni muhimu. Siku hizi hata choo cha mtoto chaweza kupimwa kwa GeneXpert. Na tangu Oktoba 2016 Kenya ina dawa za TB za watoto zinazoyeyuka katika maji na zenye ladha ya matunda, hivyo huhitaji tena kuvunjavunja vidonge vya watu wazima.

Basi, mama, mtu wa nyumbani kwako akipatikana na TB, usingoje kikohozi. Peleka watoto wote wachunguzwe, hata wanaocheza vizuri. Asiye mgonjwa aweza kupewa dawa za kumkinga. Dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali, pamoja na Thika Level 5 na Ruiru Level 4. Kuhusu picha ya eksirei, uliza kwanza kama kuna malipo.

Mweleze na jirani yako wa ploti.