Homoni na seli shina za misuli

Seli shina za misuli (huitwa pia seli satelaiti) ni seli ndogo zinazokaa kando ya nyuzi za misuli inayoshikamana na mifupa. Ndizo zinazotengeneza msuli upya baada ya kuumia, na kazi yao huathiriwa sana na homoni zinazosafirishwa na damu.

== Ugunduzi ==
Seli hizo zilielezwa mwaka 1961 na Alexander Mauro wa Marekani, aliyechunguza misuli ya chura kwa hadubini ya elektroni. Aliziona kati ya utando wa uzi wa msuli na ala nyembamba inayouzunguka.

== Jinsi msuli unavyopona ==
Kwa kawaida seli satelaiti zimetulia, hazigawanyiki. Msuli ukichanika, huamka na kuongezeka. Nyingi huungana na nyuzi zilizoharibika au huunda nyuzi mpya. Chache hurudi katika utulivu ili akiba isiishe. Kwa kuwa viini vya nyuzi zilizokomaa havigawanyiki, akiba hiyo ikipungua sana nafasi ya msuli huchukuliwa na mafuta na kovu.

== Athari za homoni ==
* '''Testosteroni''' huongeza idadi ya seli satelaiti na unene wa nyuzi.
* '''Estrojeni''' husaidia kutunza akiba. Panya jike waliotolewa ovari huwa na seli satelaiti chache zaidi, na misuli yao hupona vibaya.
* '''Homoni ya ukuaji''', inayotoka tezi pituitari chini ya ubongo, huchochea ini kutoa IGF-1, ambayo huhimiza seli kugawanyika na kukomaa. Msuli wenyewe pia hutengeneza IGF-1.
* '''Homoni za tezi dundumio''' husaidia seli kukomaa kuwa nyuzi.
* '''Kortisoli''', ikizidi kwa muda mrefu, huvunja protini za misuli. Dawa zinazofanana nayo, kama prednisoloni, zinaweza kudhoofisha misuli ya mapaja na mabega. Hata hivyo, mgonjwa aliyezitumia kwa muda mrefu hapaswi kuziacha ghafla bila daktari, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza kortisoli ya mwili.

== Uzee ==
Kadiri umri unavyoongezeka, misuli hupona polepole. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba panya wazee waliounganishwa mzunguko wa damu na panya vijana walipata tena uwezo wa kuponya misuli. Hivyo seli za mzee hazijafa zote. Sehemu ya tatizo imo katika mazingira yanayozizunguka.

== Matumizi mabaya ==
Baadhi ya wanamichezo na wanyanyua vyuma hutumia steroidi zinazofanana na testosteroni ili kukuza misuli. Madhara yake ni pamoja na korodani kusinyaa, ugumba na magonjwa ya moyo na ini. Dawa hizo zimepigwa marufuku michezoni na shirika la WADA.