Kupiga na Kutunga: Muziki wa Mandhari kutoka Kanda hadi Kishikwambi

Kiswahili hutenganisha vitenzi viwili katika muziki: mpigaji hupiga ala, mtunzi hutunga, kama mtu atungavyo shanga katika uzi. Makala hii inadai kwamba programu za muziki za kugusa zimeutikisa mpaka huo, na kwamba mtikisiko wenyewe ulianza kabla ya kishikwambi.

Mnamo 1917 Mfaransa Erik Satie alibuni muziki aliouita wa fanicha: ukae chumbani kama kiti, usidai kusikilizwa. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu ya Ambient 1: Music for Airports. Humo, vipande vya kanda vyenye urefu tofauti vilizungushwa kila kimoja kwa mwendo wake, sauti zikakutana pasipo kupangwa noti kwa noti. Kazi ya mtunzi ikaanza kuhama kutoka kwenye noti kwenda kwenye kanuni. Mwaka 1996, katika Generative Music 1, Eno aliikabidhi kompyuta kanuni hizo kupitia programu ya Koan.

Skrini ya kugusa ilileta kidole. Mwaka 2008 Eno na Peter Chilvers walitoa Bloom kwa ajili ya simu ya iPhone. Mwaka 2012, miaka miwili baada ya iPad kuingia sokoni, wakatoa Scape kwa ajili ya kishikwambi hicho. Katika Bloom, mguso huzaa noti na duara, na noti hurudi huku ikififia. Katika Scape, mtumiaji hupanga maumbo ambayo huathiriana. Asiyejifunza muziki hupata sauti zinazopatana, kwa kuwa skeli imeteuliwa kabla hajagusa.

Urahisi huo ndio unaozaa swali. Mgusaji amepiga, je, ametunga? Shanga na uzi vimeandaliwa na mwingine. Jibu lina uzito wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama jina lake lidokezavyo, hutofautisha haki za mtunzi na za mtendaji. Mgusaji amesimama katikati ya wawili hao, na aliyeweka kanuni hana jina katika msamiati wetu wa muziki.

Inapendekezwa basi kwamba wanaistilahi wa kanda wakubaliane juu ya istilahi tatu: mtunga kanuni, mgusaji na mmiliki wa programu. Zikikosekana, mikataba ya watumiaji iliyoandikwa kwa lugha za kigeni itaamua ni nani mtunzi kwa niaba ya wasanii wetu.