Kilwa Kisiwani: "Waarabu gani, mwanangu?"

Nimerudi juzi kutoka Kilwa. Vumbi la Nangurukuru bado liko kwenye viatu, na kuna jambo linanikereketa ambalo lazima niliandike kabla sijalisahau.

Nilipokuwa shule ya msingi tuliambiwa kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na Waarabu na Washirazi. Tukaandika kwenye daftari, tukajibu mtihani, tukapata vema. Miaka ikapita, nikawa mwandishi wa habari, na mimi mwenyewe nikaandika gazetini maneno "magofu ya Waarabu" bila kujiuliza lolote. Hakuna mhariri aliyenirudishia habari ile. Aliyenirudishia ni mzee mmoja wa Kisiwani, na sasa hivi nitawaeleza alivyonirudishia.

Kwenda Kilwa siku hizi si adhabu kama zamani. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ndugu zetu wa kusini walikuwa wanasubiri kivuko pale Ndundu, mtoni Rufiji, na masika yakikolea ndiyo basi tena. Sasa unatoka Dar alfajiri, unakula zaidi ya kilomita 300, unakata kushoto Nangurukuru, na mchana uko Kilwa Masoko. Unalipia kibali, unapewa wa kukutembeza, unashuka bandarini na kupanda mashua. Kisiwa unakiona mbele yako muda wote.

Kinachokupokea ni Gereza, ngome ya ukutani kabisa mwa bahari. Wareno walijenga ngome yao hapa mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuvamia mji na kuupora, wakaiacha mwaka 1512. Sehemu kubwa ya inayosimama leo ni ya wakati wa Waomani, kiasi cha mwaka 1800. Inasemekana hata neno lenyewe "gereza" tumelitoa kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Fikiria mwenyewe jinsi babu zetu walivyoona mambo mpaka kanisa likageuka kuwa jela.

Lakini Wareno walifika hata kabla ya hapo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikatumika kutengeneza chombo cha ibada kwa amri ya Mfalme Manuel. Chombo hicho kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, kinang'aa, na watu wanalipa kiingilio kukitazama. Sisi tumebaki na risiti tu, yaani kuta.

Basi tukatembea mpaka Msikiti Mkuu. Ndugu zangu, picha haitoshi. Sehemu ya kaskazini, ambayo ndiyo ya zamani, ilianza karne ya 11. Ile kubwa ya kusini, yenye nguzo na kuba nyingi, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaporomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Ukisimama katikati jua linapita kwenye matao na unasikia baridi ya mawe. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, "Hawa Waarabu kweli walikuwa na uwezo."

Mzee aliyekuwa ananitembeza akasimama. Akaniuliza kwa upole, "Waarabu gani, mwanangu?"

Nikababaika. Nikasema, si wale waliojenga, mzee wangu? Hakunijibu moja kwa moja. Akanionyesha ukuta. "Hili jiwe ni nini?" Tumbawe, nikasema. "Limetoka wapi?" Baharini hapo. "Na chokaa?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba chokaa ni tumbawe hilo hilo, linapangwa juu ya magogo, linachomwa, linazimwa kwa maji. Tumbawe bichi likitolewa baharini ni laini, unalichonga unavyotaka, na likikauka linakuwa gumu. Ndiyo maana kibla na miimo ya milango ina nakshi zile. Dari za nyumba za kawaida zilishikwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake, kwa hiyo vyumba vya pwani vina upana ule ule, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, kuanzia Lamu mpaka huku. Ukitaka upana zaidi, ndipo unajenga kuba.

"Sasa mgeni aliyeshuka jana kwenye jahazi," akasema, "angeyajulia wapi hayo?"

Swali hilo nimelala nalo. Tena wataalamu wamekwisha kulijibu siku nyingi, ila sisi hatukusoma. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akakuta kwamba chini ya mji wa mawe kuna kijiji cha nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji na mabaki ya kufua chuma, kuanzia karne ya 9 hivi. Mji wa mawe uliota juu ya kijiji cha wavuvi na wafua chuma, haukudondoka kutoka Shiraz ukiwa mzima.

Hata masimulizi ya wenyeji hayasemi kwamba kisiwa kilikuwa kitupu. Wanasimulia kwamba mgeni kutoka Uajemi alimkuta Mzee Mrimba na watu wake, akamwoa binti yake, kisha akakinunua kisiwa kwa nguo za kutandika njia nzima mpaka bara. Sisi tumeishika nusu ya hadithi, ile ya mgeni na nguo zake. Binti tumemsahau, na yeye ndiye mama wa wote waliofuata.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, wakiwemo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Matokeo yake ni kama mtu aliyekuwa anamsikiliza yule mzee. Upande wa akina mama karibu wote ni Waafrika. Upande wa akina baba kuna Uajemi kwa wingi, na kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo wanaosema Washirazi ni hadithi tupu wamekosea, na wanaosema Kilwa ni mji wa wageni wamekosea pia. Ni mji wa ndoa. Na Ibn Battuta, aliyepita hapa mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, aliandika kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa weusi sana, wenye chale usoni.

Mchana tukaenda Husuni Kubwa, jumba la sultani yule yule al-Hasan, juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba zaidi ya mia moja, ua baada ya ua, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Jumba halikuwahi kumalizika. Kumbuka huyu bwana alikuwa anakula utajiri wa dhahabu ya Sofala, iliyotoka bara kwenye nchi ya Zimbabwe. Alifyatua sarafu zake mwenyewe, na moja imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa hata Australia, kwenye visiwa vya Wessel, mwaka 1944. Leo kwenye birika lake kuna majani na mijusi.

Sasa niseme jambo gumu. Mimi ni mtoto wa bara. Bibi yangu alikuwa mtu wa Songea, na katika ukoo wetu neno Kilwa halikuwa neno zuri. Kilwa ndiko walikopelekwa watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa. Karne ya 19 biashara ikahamia Kilwa Kivinje, na misafara ikashuka kutoka Ziwa Nyasa. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunaona raha kusema "ya Waarabu". Tukisema hivyo, uchungu unakuwa wa mtu mwingine na aibu inakuwa ya mtu mwingine.

Siku ya pili nilikwenda Kivinje makusudi. Mji una nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingi zimechoka, na boma la Wajerumani limesimama bila paa. Hapo Kilwa Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, milima ya Matumbi iliyo nyuma ya Kivinje ndiko watu walikong'oa pamba ya serikali, na Maji Maji ikaanza. Mji uliouza watu wa bara na milima iliyoinuka dhidi ya mkoloni viko wilaya moja. Mfanyabiashara wa pwani Makunganya na mkulima wa Matumbi waliuawa na adui mmoja. Utaigawaje historia hiyo uchukue tamu na uache chungu?

Kwa nini nahangaika na maneno? Kwa sababu kitu cha mwenzako hukilindi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: bahari inamega ukingo, mikoko inakatwa, kuta zinaanguka. Kazi ikafanyika, kuta zikatibiwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 vikaondolewa kwenye orodha hiyo. Waliobeba chokaa ile ni watu wa kisiwani. Lakini bahari haijaacha kula.

Jioni tukirudi Masoko nilimuuliza mzee kama watalii wa Kitanzania wanakuja. Akacheka. "Wanakuja. Wanapiga picha, halafu wananiuliza Waarabu walikwenda wapi."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia hawajaenda popote, mwanangu. Wengine ndio wanakusukumia mashua."

Nimelifuta lile neno kwenye msamiati wangu. Nawe ukipata likizo na nauli, kabla hujaenda kushangaa makasri ya nchi za watu, pitia Nangurukuru, ukate kushoto.