Kodi Isiyojua Umbali

Mmarekani akihamia Tanga, kodi ya kwao humfuata. Sheria hiyo ina mizizi katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1860: raia hutangaza mapato yake kila mwaka, hata aliyoyapata ugenini. Wageni hulalamika sana. Wazee wa mkonge wasingeshangaa.

Mkonge wenyewe ulitoka Marekani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikasalimika 62 tu, nayo ikazaa mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe. Kazi ilihitaji watu. Mwaka 1898 Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1922, wakaweka na ya kichwa. Mtu wa Kigoma au Songea asiye na zao la kuuza angeitoa wapi fedha? Akaja Tanga, akapewa namba, akaitwa manamba.

Kuondoka hakukumwokoa. Mwenye kibanda alidaiwa kibanda, ingawa yeye analala kambini mamia ya maili mbali nacho. Kijana asiye na kibanda alilipia kichwa, na kichwa, ndugu msomaji, hakiachwi nyumbani. Stakabadhi aliitunza kuliko shati, maana asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa njiani.

Mmarekani ana unafuu: kodi aliyolipa huku aweza kuikata katika deni la kwao. Manamba alikatiwa nini? Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003.