Akone, Jiwe Lisilokata

Isocrates wa Athens, aliyezaliwa mwaka 436 KK, alinyimwa vitu viwili ambavyo mji wake ulivithamini mno: sauti ya kusikika mbali na ujasiri wa kusimama mbele ya umati. Katika Athens ya siku zile mwenye kesi alijitetea kwa mdomo wake mbele ya mamia ya waamuzi, na mambo ya vita na amani yaliamuliwa na wananchi waliokutana kilimani kuwasikiliza wasemaji. Isocrates hakuyaweza hayo. Aliketi akaandika, kisha akafungua shule ya ufasaha. Humo alipita Timotheos, aliyekuja kuwa jemadari, na masimulizi ya kale yanawataja pia Ephoros na Theopompos, waandishi wa historia. Inasimuliwa kwamba aliulizwa vipi anawafundisha wengine jambo asiloliweza mwenyewe. Akajibu kwa mfano wa akone: yenyewe haikati, lakini ndiyo inayokifanya chuma kikate.

Akone, kwa Kiyunani, ni kinoo. Jibu la Isocrates linamwingia zaidi mtu aliyewahi kunoa. Unalilowesha jiwe, unalaza ubavu wa kisu, unausukuma na kuurudisha kwa mwinamo uleule, bila pupa. Baada ya muda maji yanageuka tope la kijivu, na tope hilo si chuma peke yake. Mna na unga wa jiwe. Kinoo nacho huliwa. Kilichotumika miaka mingi hubonyea katikati, na shimo lile ndiyo kumbukumbu ya visu vyote vilivyopita juu yake.

Wayunani walivichagua vinoo vyao kwa makini. Plinius, Mrumi wa karne ya 1, aliandika kwamba kwa vinavyotumia mafuta sifa ilikuwa ya Krete, kisha mlima Taygetos. Kwa vinavyotumia maji, Naxos ilitangulia. Kisiwa cha Naxos kina mwamba mweusi uliojaa chembe za korundi, madini yanayozidiwa na almasi kwa ugumu. Wanakijiji wa huko waliendelea kuuchimba hadi zama zetu, na katika miaka ya 1920 zikajengwa nyaya za kuushusha kutoka milimani hadi bandari ya Moutsouna.

Mshairi Pindaros alilijua jina la jiwe hilo. Akimsifu Lampon wa kisiwa cha Aegina, ambaye wanawe walishinda katika mapambano ya ngumi na mieleka, alimfananisha na kinoo cha Naxos kati ya mawe mengine, jiwe linaloitiisha shaba. Anayesifiwa hapo ni mzee aliyewalea wapiganaji. Sisi nasi tunasema kocha anainoa timu, wala hakuna aliyetufundisha Kiyunani. Aliyeshika kisu na jiwe hufika hapo mwenyewe. Katika utenzi mwingine Pindaros alikiweka kinoo juu ya ulimi wake, akihisi mlio wake mkali ukimvuta aimbe.

Lakini neno akone lina upande wake mchungu. Akoniton, jina linalofanana nalo, ni mmea wenye maua ya zambarau na sumu inayosimamisha moyo. Theophrastos, mwanafunzi wa Aristoteles, alisema umeitwa hivyo kwa ajili ya kijiji cha Akonai, karibu na Bahari Nyeusi. Plinius alitaja maelezo mengine mawili: kwamba huota kwenye miamba mitupu iitwayo aconae, na kwamba huharakisha kifo kama kinoo kinavyoharakisha makali ya chuma. Kwangu maelezo hayo ya mwisho yananuka utunzi wa baadaye, ingawa yanaonyesha walioyatunga walisikia nini katika jina lile.

Kisha walikuja Wayahudi waliozitafsiri Zaburi kwa Kiyunani, karne chache kabla ya Kristo. Walipofika kwa watu waovu wa Zaburi ya 64 na ya 140, wenye ndimi kama upanga na kama nyoka, walitumia kitenzi kilichozaliwa na akone. Biblia ya Kiswahili, mahali palepale, inatumia kunoa.