Kijana mkosaji katika nyanda za Buha
Kabla ya ujio wa Wajerumani, kosa la kijana wa Kiha katika Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, lilikuwa deni la ukoo wake. Mbuzi akiibwa Heru, iliko Kasulu ya leo, au Muhambwe, iliko Kibondo, wazee wa pande mbili ndio waliokaa kitako. Walitaka kwanza kujua huyu ni mtoto wa nani. Baba akikosekana, mjomba alibeba fidia. Shauri zito lilipanda kwa mtwale, chifu mdogo, na kutoka kwake hadi kwa mwami, chifu mkuu. Utaratibu huo ulimfaa mwenye ndugu. Asiye nao alibaki bila wa kumsimamia.

Wabelgiji, waliokuwa wamechukua nafasi ya Wajerumani, walipowakabidhi Waingereza Kigoma mwaka 1921, mabaraza ya machifu yaliachwa yaendelee, lakini sheria ya jinai ililetwa juu yake ikiuliza jambo jingine: limetendwa kosa gani, na adhabu yake ni ipi? Kwa mvulana, jibu la haraka lilikuwa viboko, ambavyo vilitungiwa sheria yake mwaka 1930. Sheria ya Watoto na Vijana ya 1937 ilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 1933. Ilimtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 12, na kijana kuwa wa miaka 12 hadi asiyetimiza 16. Mtoto hakupaswa kufungwa kabisa, na kijana alifungwa pale tu njia nyingine iliposhindikana. Sheria ya probesheni ikafuata 1947, na kazi ya ustawi wa jamii ikaanza kujengwa mijini baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Milima ya Buha ilikuwa mbali na hayo yote. Serikali iliitazama Kasulu na Kibondo kama chimbuko la manamba, yaani vibarua wa mashamba. Tangu miaka ya 1940, SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge, iliwasafirisha wanaume wa huku kwa reli hadi mashamba ya mashariki. Hapo ndipo penye uchungu wa historia hii. Mvulana aliyeshikwa na kosa huku baba yake akikata mkonge Korogwe hakuwa na wa kumlipia kwa desturi, wala afisa wa kumwandikia taarifa kwa sheria. Fimbo ilikuwa karibu zaidi.

Uhuru haukugeuza mambo mara moja. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na pamoja nao likaondoka baraza ambalo wazee walikuwa wamelizoea. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya adhabu za chini kabisa, ambayo iliirudisha fimbo kwa nguvu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilianzishwa kwa sheria ya 1973, na waliosomeshwa humo walifundishwa kumtazama mkosaji pamoja na nyumba anayotoka.

Kisha wakaja wakimbizi. Kuanzia 1993 Warundi walijaa kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, na Mtabila upande wa Kasulu. Wakongo wakapelekwa Nyarugusu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilifanya kutoka kambini bila kibali kuwa kosa. Kijana aliyefuata kuni porini zaidi ya kilomita 4 aliweza kukamatwa, ingawa nyumbani alikuwa ametumwa na mama yake. Watu wa ustawi waliofanya kazi kambini walilazimika kupambanua kati ya uhalifu na njaa ya jiko, na mtazamo wao ukapanuka kwa sababu hiyo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyofuta ile ya 1937. Mtoto sasa ni yeyote chini ya miaka 18, hafungwi gerezani, na shauri lake husikilizwa na mahakama ya watoto. Mtu wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kabisa. Shule ya maadilisho, hata hivyo, ni moja tu, Irambo mkoani Mbeya. Mahabusu za watoto nazo zilijengwa Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Mama wa Kibondo mwenye mwana Irambo ana safari ya siku nzima na zaidi, tena ya nauli ambayo mavuno ya maharage hayaitoi kwa urahisi. Kumpeleka mtoto huko ni kumtenga na waliobaki kumpenda.

Ndiyo maana uzito umehamia kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Afisa wa ustawi wa jamii hupanda pikipiki hadi kijijini na kukaa kwenye mkeka na bibi wa mtuhumiwa. Huuliza aliko baba, nani analisha nyumba, mtoto aliacha shule lini. Cheti cha kuzaliwa kisipokuwepo, huomba kadi ya kliniki, kwa kuwa mwaka mmoja wa umri unaweza kumtenga na gereza au kumpeleka huko. Mwenyekiti wa kitongoji huitwa, na mara nyingine mwenye mali iliyoibwa pia, kuona kama fidia inakubalika. Kisha karatasi hurudi Kasulu au Kibondo, na hakimu huisoma kabla ya kuamua.