Chapa ya Kwanza kama Ushahidi: Vitabu Vikuukuu vya Fasihi katika Shule za Kericho na Bomet

Mhakiki anayeihusisha kazi ya fasihi na wakati wake sharti kwanza aujue wakati huo. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu alidai kwamba tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inaomboleza kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hoja aliijenga vizuri, ila msingi wake ulikuwa mbovu: tamthilia hiyo ilitolewa mwaka 1969. Alikuwa ametegemea mwaka wa chapa ya baadaye. Kosa halikuwa lake pekee. Mimi mwalimu wake sikuwa nimemfunza kuusoma ukurasa wa hakimiliki.

Yafaa tutofautishe istilahi mbili. Toleo hubadilika matini yanapohaririwa au kupangwa upya. Chapa ni nakala zilizopigwa kwa mkupuo mmoja. Toleo moja laweza kuwa na chapa nyingi.

Katika ukanda huu wa chai, mvua haiishi na ukungu hula vitabu. Aghalabu ukurasa wa hakimiliki huwa umeng'oka. Hapo historia ya wachapishaji hutufaa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo iliyotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Jumuiya ilipovunjika, nafasi yake humu nchini ilichukuliwa na Kenya Literature Bureau. Kwa hivyo, nakala ya riwaya hiyo yenye jina hili la pili haiwezi kuwa ya chapa ya kwanza. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed nayo ilitolewa mwaka 1972 na East African Publishing House ya Nairobi, ambayo haipo tena. Jina hilo jaladani ni dalili njema, lakini si ithibati, kwani mchapishaji huweza kukipiga chapa kitabu kilekile mara kadhaa.

Nambari pia husema. ISBN ya tarakimu 13 ilianza kutumika rasmi Januari 2007. Nakala ya Siku Njema ya Ken Walibora yenye nambari hiyo, basi, si ya mwaka 1996 riwaya ilipotoka. Na pakiwa na safu ya tarakimu kuanzia 1 hadi 10, ile ndogo kabisa iliyosalia aghalabu ndiyo hutaja chapa.

Tusisahau muhuri wa shule. Bomet ilimegwa kutoka Wilaya ya Kericho mwaka 1992. Shule iliyo Bomet leo ikiwa na kitabu chenye muhuri wa Wilaya ya Kericho, yaelekea kitabu hicho kilifika kabla ya mgawanyo huo. Muhuri hautaji chapa, ila hutuonyesha chapa ambazo haziwezekani.

Hasara ni kwamba kitabu cha kutahiniwa kinapobadilishwa, vya zamani huondolewa kabatini kama takataka. Nimewahi kununua njugu sokoni zikiwa zimefungwa kwa kurasa za riwaya ya Kiswahili. Napendekeza kabla ya kutupa chochote, mwalimu akague jina la mchapishaji, nambari na muhuri, kisha ahifadhi walau nakala moja kongwe ya kila kitabu. Wanafunzi wenyewe waifanye kazi hiyo. Atakayeigundua tarehe kwa mkono wake hataikosea katika insha.